Jengo Lipimwe Ndipo Lifundishe

Saa nane mchana, mwezi Februari, mwanafunzi aliyeketi chini ya bati lisilo na dari hahitaji kufundishwa kwamba darasa lina joto. Asichojua ni joto hilo ni nyuzi ngapi, kwa nini darasa la upande wa pili wa uwanja lina nafuu, na ingegharimu kiasi gani kulifanya la kwake liwe kama lile. Ndani ya maswali hayo mna fizikia, jiografia, hisabati na uhasibu, na vifaa vya kuyafundishia vimekwisha nunuliwa: kuta, paa, madirisha, gata, tangi la maji, mita ya umeme na jiko la shule. Hata hivyo ni nadra kumkuta mwalimu amewatoa wanafunzi nje walichunguze jengo wanalosomea.

Siku hizi shule na vyuo vyetu vinapata majengo ya kijani. Bweni linawekewa paneli za sola, choo kinaunganishwa na mtambo wa bayogesi, madarasa yanajengwa kwa matofali ya kufungamana ambayo hayakuchomwa kwa kuni. Mgeni rasmi anakata utepe, bango la mfadhili linasimikwa getini, kisha masomo yanaendelea ubaoni kama yalivyokuwa. Miaka miwili baadaye betri zimekufa, na hakuna aliyebaki anayeweza kueleza zilikufa kwa sababu gani.

Makala haya ni kwa mwalimu, mkuu wa shule, mkufunzi wa chuo na mjumbe wa bodi anayetaka jengo lifanye kazi ya pili, yaani kufundisha. Ushauri wote utakaoukuta humu umesimama juu ya jambo moja: jengo lolote, la kijani au la kawaida, huanza kufundisha siku linapoanza kupimwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maji na nishati ya shule ni mali.

Mzozo wa Oberlin

Mwaka 2000 Chuo cha Oberlin, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kilifungua kituo cha masomo ya mazingira kiitwacho Adam Joseph Lewis Center. Aliyeusukuma mradi huo ni Profesa David Orr. Hoja yake ilikuwa kwamba majengo ya vyuo hufundisha hata yasipokusudia: ukumbi unaomeza umeme ambao hakuna ajuaye unatoka wapi humzoesha mwanafunzi kuamini kwamba umeme hauna gharama. Wanafunzi na wakazi wa mji waliitwa kutoa maoni kabla ya jengo kuchorwa na msanifu William McDonough. Lilipokamilika lilikuwa na paneli za sola paani, visima vya kuvuta joto la ardhini, na chumba cha kioo ambamo majitaka husafishwa kwa mimea na vijidudu hadi yafae kurudishwa vyooni.

Halafu mwalimu wa fizikia wa chuo hichohicho, John Scofield, akachukua takwimu za mita na kupiga hesabu zake. Alikuta jengo linatumia umeme mwingi kuliko ilivyotarajiwa, na paneli za paani ziko mbali na kulitosheleza. Akayachapisha aliyoyakuta. Mjadala ukawa mkali, na miongoni mwa vilivyonyoshewa kidole ni boila ya umeme ya kupashia jengo joto. Mitambo ikarekebishwa. Mwaka 2006 paneli za kilowati 100 ziliwekwa juu ya maegesho ya magari, zikasaidiana na zile za paani za kilowati 60 hivi, ndipo jengo likaweza kuzalisha kwa mwaka umeme unaozidi linaoutumia.

Kwa mwalimu, miaka ile ya ubishi ina thamani kuliko paneli zenyewe. Mwanafunzi aliyekuwa pale aliona dai likitolewa na watu anaowaheshimu, likapimwa na mtu mwingine anayeheshimika, likakutwa na upungufu, kisha likarekebishwa mbele ya macho ya wote. Hivyo ndivyo sayansi inavyofanya kazi, na vitabu vya kiada huwa haviionyeshi hivyo. Ushauri wa kwanza basi ni huu: shule yako ikipata jengo la kijani, usiwaambie wanafunzi kwamba linaokoa umeme au maji. Waulize kama linaokoa, kisha uwape mita.

Oberlin ina somo la pili, na hili ni la mabwenini. Mwaka 2005 chuo kiliendesha mashindano ya wiki mbili ya kubana matumizi. Mabweni machache yaliweza kuona matumizi yao papo kwa papo kwenye kompyuta, na mengine yalisomewa mita mara moja kwa wiki. Kwa ujumla umeme ulipungua kwa asilimia 32. Walioona papo kwa papo walipunguza kwa asilimia 55, na waliosomewa kwa wiki walipunguza kwa asilimia 31. Maji yalipungua kwa asilimia 3 tu.

Takwimu hizo zinamfaa mkuu wa shule isiyo na fedha. Skrini na vihisi vinasaidia, lakini hata pale mita iliposomwa mara moja tu kwa wiki, matumizi yalipungua sana. Kuna onyo pia ndani yake. Mashindano yenye zawadi huwafanya vijana wavumilie giza kwa siku chache, na zawadi ikishatolewa swichi zaweza kurudi zilikokuwa. Ndiyo maana kipimo kinapaswa kuwa cha mwaka mzima, kiingie kwenye ratiba, kisitegemee shamrashamra. Na ile asilimia 3 ya maji ni mada nzuri ya mdahalo: kwa nini ni rahisi kuzima taa kuliko kufunga koki?

Anza na jua na kivuli

Usisubiri mfadhili. Darasa la kawaida la bati na tofali linatosha kwa mwaka mzima wa masomo, na mahali pa kuanzia ni jua, kwa kuwa halidai chochote zaidi ya kijiti na futi.

Simika kijiti cha mita moja, wima, kwenye uwanja ulio tambarare. Wanafunzi waweke alama ya ncha ya kivuli kila saa. Warudie zoezi Juni na Desemba, na likizo ikiangukia tarehe zenyewe, wiki za jirani zinatosha. Watagundua wenyewe kwamba jua la saa sita huvuka kutoka upande wa kaskazini kwenda upande wa kusini wa utosi, na kwamba pande hizo mbili haziko sawa.

Chukua Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana ya Juni 21 jua husimama upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Desemba 22 husimama upande wa kusini, kiasi cha nyuzi 73. Sasa tuseme sehemu ya chini ya dirisha iko mita 1.5 chini ya ukingo wa paa. Mwanafunzi aliyekwisha kufika kwenye tanjenti anaweza kukokotoa upenu wa kulikinga dirisha hilo lote: upande wa kaskazini unatakiwa utokeze sentimeta 87 hivi, na upande wa kusini sentimeta 46 hivi. Takriban nusu. Watume sasa wakapime upenu wa darasa lao. Mara nyingi watakuta pande zote mbili zimetokeza sawasawa, kwa kuwa fundi alikata mabati kwa kipimo kimoja.

Kuta za mashariki na magharibi zina kisa kingine. Jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi jioni liko chini mno, na hakuna upenu wa kawaida unaoweza kulizuia. Hapo ndipo wanafunzi wanapoelewa kwa nini wasanifu husisitiza ubavu mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini. Kama jengo limekwisha kukaa vibaya, swali linageuka kuwa la kilimo na ujenzi mdogo: mti gani upandwe, kwa umbali gani wa msingi, au varanda iongezwe upande upi?

Baada ya kivuli, joto. Tundika kipimajoto kwa urefu wa kichwa cha mwanafunzi aliyeketi, kimoja katika darasa lenye dari na kingine katika lisilo nayo, kisomwe saa mbili, saa nne, saa sita na saa nane. Wiki mbili za namba hizo zinatoa grafu ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuwapa, kwa sababu ni ya kwao. Wakitaka kwenda mbele, watengeneze vibanda vya maboksi: kimoja kiezekwe kipande cha bati lenye kutu, kingine bati lililopakwa rangi nyeupe, cha tatu kiwe na bati lililoinuliwa kidogo juu ya dari ya kadibodi ili hewa ipite katikati. Viwekwe juani pamoja, visomwe pamoja.

Wakishapata majibu, wasimulie habari za Gando. Mwaka 2001 Francis Kéré, akiwa bado mwanafunzi wa usanifu mjini Berlin, alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yaliyofyatuliwa na wanakijiji wenyewe. Bati aliliinua juu ya kenchi za nondo, likaachana na dari ya matofali, na upepo ukawa unalisomba joto kabla halijashuka kwa watoto. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za usanifu majengo. Mtoto aliyekwisha kupima boksi lake la tatu hatasikia hadithi ya mtu mashuhuri wa mbali. Atasikia jibu la swali aliloligusa kwa mikono yake.

Paa linaleta maji mangapi?

Mvua ni hesabu ambayo hata darasa la sita wanaiweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 80. Dodoma hupata karibu milimita 570 kwa mwaka. Ukikadiria kwamba asilimia 80 ya maji hufika tangini na mengine hupotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka, paa hilo moja huleta kiasi cha lita 36,500 kwa mwaka. Dar es Salaam, yenye karibu milimita 1,100, paa hilohilo lingeleta zaidi ya lita 70,000.

Usiishie hapo, maana utamu uko kwenye tangi. Shule nyingi hununua tangi la lita 5,000. Wanafunzi 45 wakitumia lita 3 kila mmoja kwa siku, tangi lililojaa huisha kwa siku 37. Kiangazi cha Dodoma ni cha zaidi ya nusu mwaka. Tena mvua kubwa mbili za milimita 50 kila moja zinatosha kulijaza tangi hilo hadi lifurike. Kumbe shule inayolia kwamba mvua haitoshi inaweza kuwa inamwaga maji Januari na kuyanunua Septemba. Kinachopungua ni mahali pa kuyaweka, na hilo ni tatizo la fedha na mpango, linaloweza kupelekwa kwenye kamati ya shule likiwa na namba zake.

Kipima mvua kinaweza kuwa chupa ya plastiki iliyokatwa, ilimradi iwe na pande zilizonyooka na isimame mahali pa wazi. Wanafunzi walinganishe mvua iliyonyesha na kina cha maji kilichoongezeka tangini. Tofauti ikiwa kubwa kuliko ile asilimia 20, basi gata limeziba au kiungo kinavuja, na wao ndio watakaokipata. Koki inayodondosha nayo ni somo: weka kikombe kwa dakika 10, pima, zidisha kwa 144, na umepata upotevu wa siku nzima.

Kwa shule za Kenya kuna mfano wa kwenda mbali zaidi. Shule ya msingi ya Uaso Nyiro huko Laikipia ilijengwa ikiwa na madarasa yanayozunguka ua, na hifadhi ya maji ya mvua chini ya ua huo. Mwaka 2013 ilipewa sifa ya kuwa shule ya kijani kuliko zote duniani na kituo cha shule za kijani cha baraza la majengo ya kijani la Marekani. Pale huwezi kuvuka uwanja wa mapumziko bila kukanyaga somo la maji.

Umeme na jiko

Umeme unafundishika haraka, kwa hiyo usiupe muda mwingi. Mita isomwe kila Jumatatu saa ileile, na namba iandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na fedha zilizolipwa. Kisha wanafunzi wahesabu taa. Bweni lenye taa 20 za tyubu za wati 40, likibadilishwa kuwa na taa za LED za wati 18, kwa saa 4 kila usiku, huokoa yuniti 53 hivi kwa mwezi. Wazidishe kwa bei ya yuniti, walinganishe na bei ya taa mpya, wapate miezi ya kurudisha gharama. Hilo ni somo la biashara lililokamilika.

Jiko linastahili muda zaidi, na ndilo linalosahaulika. Serikali ya Tanzania imekwisha kuagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo shule nyingi zimo katika kuhama au zinajiandaa kuhama. Hakuna wakati mzuri wa kupima kama huu, kwani ukishahama hutaweza tena kupima ulikotoka.

Kupasha moto lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 95 kunahitaji megajouli 29 hivi. Kilo moja ya kuni kavu hubeba kiasi cha megajouli 16. Kwa hesabu ya karatasi, kilo mbili zingetosha. Sasa nendeni na mizani jikoni, mpime kuni ambazo mpishi anaziingiza mafigani kwa kiasi hicho cha maji. Pengo kati ya kilo mbili na kilo mtakazozipata ni joto lililopotelea kwenye mawe, hewani, na katika moshi unaoingia kifuani mwa mpishi. Pimeni tena kwenye jiko banifu. Pimeni tena gesi itakapofika. Mwalimu wa kemia atapata mwako usiokamilika, wa biolojia atapata mapafu, wa jiografia atapata msitu, na bodi itapata sababu ya kuandika hundi.

Fichua yaliyofichwa

Majengo yetu huficha kila kitu: waya ukutani, bomba chini ya sakafu, maji machafu chini ya zege. Jengo la kufundishia linatakiwa lifanye kinyume. Si lazima kuvunja kitu. Rangi moja kwenye mabomba ya mvua na nyingine kwenye ya kisima inatosha kuanza. Kipande cha bomba lipitishalo mwanga kando ya tangi huonyesha kina cha maji bila mtu kupanda juu. Fundi anapokarabati ukuta, mwombe aache sehemu ndogo bila plasta, ilindwe kwa kioo, ili tofali na udongo wake vionekane.

Vibao vya maelezo vinahitaji busara. Kibao kinachosema "Tunza Mazingira" husomwa siku ya kwanza na husahaulika ya pili. Kibao chenye swali na namba inayobadilishwa kila wiki huvuta macho: "Tangi hili lilikuwa na lita ngapi Jumatatu? Zimekwenda wapi?"

Wapelekeni wanafunzi waone majengo mengine pia. Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kina sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yake tangu mwaka 2014, na chuo hicho hufundisha mafundi wa sola. Huko Lang'ata, maktaba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki ilisanifiwa ipoe kwa kupitisha hewa kwenye tabaka la mawe chini ya jengo. Kando ya Ziwa Turkana, kampasi ya Startup Lions iliyokamilika mwaka 2021, kazi ya Kéré tena, ina minara mirefu ya kutolea hewa moto iliyoiga vichuguu vya mchwa. Mwalimu wa biolojia anaweza kuanzia kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shule, na wa fizikia akapokea kutoka hapo.

Aliye Pwani hana haja ya safari ndefu. Nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, nyua za ndani zinazovuta hewa, na vyumba vyembamba virefu. Wembamba huo una sababu: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Mpe mwanafunzi wa ufundi wa ujenzi futi apime vyumba vitano vya nyumba ya kale, na atajifunza uhusiano wa malighafi na umbo la jengo kwa namna ambayo hataisahau.

Wanaolijua jengo

Anayejua ni bomba lipi hupasuka kila masika ni mlinzi. Mpishi anajua kuni za mti gani zinawaka vizuri, na fundi wa shule ndiye anayekumbuka waya ulipita wapi kabla ya ukarabati. Watu hawa hawamo kwenye ratiba ya masomo, na wanapohama au kustaafu wanaondoka na elimu ambayo haikuandikwa popote.

Waalike darasani kama wageni wenye ujuzi, na wanafunzi wawaamkie na kuwauliza maswali kwa adabu ile wanayompa mwalimu. Kazi ya wanafunzi iwe kuandika wanachoambiwa na kuchora ramani ya mabomba, nyaya na mifereji ya shule. Ramani hiyo ihifadhiwe ofisini. Mkuu wa shule atakayekuja ataikuta, na huenda ikawa bora kuliko michoro ya mkandarasi.

Vyuoni kazi iende mbali zaidi. Wanafunzi wa ufundi umeme wafanye ukaguzi wa matumizi ya chuo kizima na kukabidhi ripoti kwa uongozi. Wa uhasibu wakokotoe gharama ya jengo kwa miaka 20, pamoja na umeme na matengenezo, badala ya bei ya ujenzi peke yake. Wa ualimu watayarishe masomo ya kwenda nayo kwenye mazoezi ya kufundisha. Ripoti isomwe na mtu mwenye uwezo wa kuamua, la sivyo mwaka unaofuata wanafunzi watanakili ya wenzao.

Iingie kwenye ratiba

Kosa linalojirudia ni kuliachia klabu ya mazingira jambo hili lote. Klabu hukutana Ijumaa jioni, huwa na wanafunzi walewale wenye moyo, na mlezi wake akihama nayo hufa. Mitaala yetu ya sasa, Tanzania na Kenya, inadai mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya, na walimu wengi wanahangaika kutafuta kazi mradi za maana. Jengo lina kazi hizo tele.

Kaa na mwalimu wa taaluma mwanzoni mwa muhula, kila mwalimu wa somo achague mada moja tu ambayo tayari anatakiwa kuifundisha, na aifundishie kwenye jengo. Hisabati ina takwimu na grafu. Kiswahili kina uandishi wa ripoti, barua rasmi kwa bodi na mdahalo. Uraia una swali la nani huamua fedha za shule zitumikeje. Mada moja kwa kila somo haimwongezei mwalimu mzigo, kwa kuwa haongezi kipindi. Anahamisha tu kipindi kutoka ubaoni kwenda nje.

Mkijaliwa kujenga upya

Fedha za jengo jipya zikija, yako mambo machache ya kudai kabla mkataba haujasainiwa, kwa sababu baadaye yatakuwa ghali au hayatawezekana. Kila jengo liwe na mita yake ya umeme na ya maji, maana mita moja ya shule nzima haisemi nani anatumia nini. Mkandarasi akabidhi michoro ya jengo kama lilivyojengwa kweli, pamoja na maelekezo ya matunzo kwa lugha ambayo fundi wa shule anaielewa. Paneli na betri ziwekwe mahali ambapo kundi la wanafunzi linaweza kuziona kwa usalama. Wanafunzi waruhusiwe kutembelea saiti katika hatua za msingi, ukuta na paa, wakiwa na kofia ngumu na msimamizi.

Lililo muhimu kuliko hayo: chukua vipimo vya jengo la zamani mapema. Joto, mwanga, yuniti na lita za mwaka mmoja kabla ya ujenzi ndizo zitakazowezesha kulihukumu jengo jipya.

Yasiyofaa kusahauliwa

Usalama utangulie. Mwanafunzi asipande paa, asiguse inveta wala boksi la umeme. Shule za zamani zenye mapaa ya asbesto zisiruhusu mtu kutoboa, kukata wala kusugua paa hilo, na maji yake yasitumike kunywa. Tangi lifunikwe na matundu yawekewe wavu, vinginevyo mtafuga mbu wa dengi kwa jina la elimu. Maji ya mwanzo ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwani ndiyo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Takwimu nazo zina hatari zake. Bweni likitangazwa mstarini kuwa la mwisho kila wiki, wanafunzi watajifunza kudanganya mita. Linganisha bweni na lenyewe la mwezi uliopita. Na vipimo vikionyesha kwamba jengo la mfadhili halifanyi kazi ilivyoahidiwa, usivifiche. Mwandikie mfadhili barua iliyoandaliwa na wanafunzi, yenye grafu. Mfadhili makini ataithamini kuliko picha za watoto wakitabasamu.

Mwisho, namba zifike mezani. Panga siku moja kila mwaka ambapo wanafunzi wanawasilisha vipimo vyao mbele ya bodi au kamati ya shule, na bodi ijifunge tangu mwanzo kutekeleza angalau pendekezo moja, hata likiwa dogo kama kuongeza gata au kubadilisha taa za bweni moja. Pendekezo likitekelezwa, darasa linalofuata lipewe kazi ya kupima kama limeleta nafuu. Bodi ikisikiliza na kupiga makofi tu, wanafunzi watakuwa wamefundishwa somo lingine kabisa, kwamba ushahidi haubadilishi kitu, na somo hilo ni gumu kulifuta.

Kwa wiki ijayo, mwalimu, inatosha kupata daftari moja na mwanafunzi mmoja wa kusoma mita Jumatatu asubuhi.